Kangaga la msituni sebuleni: vichipukizi vinageuka vyeusi kabla ya kufunguka

mpenda_kijani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Mjomba wangu anasafisha kipande cha shamba lake la bondeni kilichoachwa kikawa msitu kwa muda mrefu. Kabla panga halijafika kwenye mkondo wa maji nilimwomba anipe kangaga moja. Akaling'oa na donge lake la udongo, nikalifunga kwa magazeti yaliyoloweshwa nikaja nalo. Nimelipanda kwenye chungu kikubwa cha plastiki, nusu udongo mweusi wa shambani, nusu samadi, nikalifukia vizuri lisiyumbe. Kwa kuwa makangaga ni mimea ya kivuli, nimeliweka kwenye kona ya sebule, mbali na dirisha. Nalipulizia maji ya chupa asubuhi na jioni.

Sura yake: majani yote yanatoka mahali pamoja katikati na kutawanyika pande zote, urefu wa mkono mzima, yamechanika vijijani, na vijijani navyo vimechanika tena. Vikonyo vina magamba ya kahawia kuelekea chini.

Yanayonitia wasiwasi ni haya. Majani ya zamani yanakauka kuanzia ncha. Vile vichipukizi vilivyojikunja vinavyotoka katikati vinasimama, halafu vinageuka vyeusi bila kufunguka. Na chini ya majani kuna vidoa vingi vya kahawia ambavyo sikuviona siku ya kwanza. Rafiki yangu kaniambia ni wadudu na kanipa sabuni ya maji nipulizie. Je, lina ugonjwa, lina njaa, au halipendi tu kukaa ndani? Na likipona, naweza kupata mengine kutoka hilohilo? Picha nitajaribu kuweka mtandao ukitulia.

---

fundi_wa_bustani

Hao ni wadudu gamba, ndugu, usibishane nao. Changanya sabuni ya unga na mafuta ya taa kidogo, pulizia chini ya majani jioni, rudia wiki ijayo. Mimi nimewaua kwenye malimau kwa njia hiyo. Na ongeza samadi, mmea unaodhoofika unataka nguvu.

---

BibiKitalu

Marahaba mwanangu mpenda_kijani. Kwanza weka hiyo sabuni chini. Mafuta ya taa ndiyo hata usiyapitishe mlangoni. Na wewe fundi, mlimau una jani gumu lenye nta. Kangaga la msituni lina jani laini, jembamba, lililozoea hewa ya unyevu. Sabuni, mafuta, zile dawa za kung'arisha majani, hata dawa nyingi za wadudu ambazo waridi huzistahimili, kangaga huungua nazo. Jani likishaungua halirudi.

Sasa vidoa. Chukua jani moja, lipeleke dirishani, ligeuze. Je, vimepangwa kwa safu, kimoja huku kimoja kule, pande mbili za mshipa wa kila kijijani? Je, vinalingana ukubwa? Kama ndivyo, hivyo ni vifuko vya spora, yaani vumbi la uzazi la kangaga, na jani lenye navyo ni jani lililokomaa. Kangaga halichanui maua wala halitoi mbegu, uzazi wake unaanzia hapo. Mdudu gamba hajui mistari. Anakaa popote, hasa kando ya mshipa mkuu na kwenye kikonyo, wakubwa kwa wadogo wamechanganyika, na ukimkwangua kwa ukucha anabanduka mzima. Mahali alipo, majani ya chini yake hunata kwa utomvu wake. Niambie unaona kipi.

Tukija kwenye kona. Hapa ndipo makangaga mengi ya ndani hufia, na mwenyewe anadhani kayaheshimu. Kivuli cha msituni na kivuli cha sebuleni havijuani kabisa. Jua la saa sita mchana mahali pa wazi hufika kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Chini ya miti iliyofungamana hupenya asilimia chache tu, tuseme 1 mpaka 3, nayo ni luksi 1,000 mpaka 3,000, ukiacha vile vipande vya jua vinavyopita sakafuni matawi yakitikisika. Kona ya sebule mbali na dirisha mara nyingi haifiki hata luksi 100. Wewe huoni tofauti kwa sababu mboni ya jicho inapanuka penye mwanga hafifu na kukuambia pako sawa. Mmea hauna mboni. Unahesabu ulichopewa, na ukipewa kidogo kuliko unachotumia, unakula akiba iliyo kwenye shina mpaka iishe. Ndiyo maana kangaga kwenye kona huonekana zima kwa miezi kisha likaanguka kama limerogwa.

Kama simu yako ina programu ya kupima mwanga, itumie, si sahihi sana lakini itakutoa gizani. Kama huna, chukua karatasi nyeupe, iweke mahali unapotaka kuweka chungu mchana, halafu weka kiganja juu yake kwa umbali wa kama sentimita 30. Kivuli cha vidole kikiwa na kingo kali, pana jua mno. Kisipoonekana kabisa, pana giza mno. Unachotaka ni kivuli kinachoonekana lakini kingo zake zimefifia. Kwa nyumba nyingi hapo ni mita moja au chini ya hapo kutoka dirishani, au dirishani kabisa kama linapata jua la asubuhi tu. Jua la alasiri kupitia kioo litalikaanga.

Sasa kilichonishtua zaidi: "nikalifukia vizuri lisiyumbe". Umefukia nini? Ulivyolieleza, majani yakitoka mahali pamoja, hilo lina kitovu, yaani kichwa cha shina ambacho vichipukizi vyote vinatokea. Kitovu kinatakiwa kiwe usawa wa udongo au juu kidogo. Kikifunikwa na udongo mzito wenye samadi mbichi, kinashika maji, kinaoza, na vichipukizi vinakufa vikiwa bado vimejikunja. Bonyeza taratibu kimoja cha vilivyokufa. Kikiwa laini na kinanuka, ni kuoza. Kikiwa kikavu na kinavunjika, ni kiu, au mizizi imeungua kwa samadi na haipandishi maji. Na watoto wasivichezee, chipukizi la kangaga likiguswaguswa ncha huvunjika na ndiyo mwisho wake, halina pa kuanzia tena.

Hamisha. Mboji yote inayotajwa hapa iwe imeoza kweli. Mimi natumia mafungu mawili ya mboji ya majani ya miti, ile inayookotwa chini ya miti ikiwa nyeusi, nyepesi na haina harufu, fungu moja la vipande vya magome, fungu moja la mchanga mnene au vijiwe vya volkano kama vinapatikana. Ukiukamata mkononi na kuubana, unashikana kisha ukiugusa unasambaratika. Udongo mweusi wa shambani peke yake kwenye chungu hujifunga. Shambani kuna minyoo na mizizi ya miti ya kuufungua, kwenye plastiki hakuna mfanyakazi.

Ukilitoa, utaona mizizi myeusi, myembamba, migumu. Usishtuke ukaikata! Mizizi ya makangaga ni myeusi kwa asili, ncha tu ndizo zina rangi hafifu. Mbovu ni ile inayotelezea vidoleni, ganda linavuka unabaki na uzi. Hiyo ndiyo ya kukata, kwa mkasi safi. Osha samadi taratibu kwa maji ya vuguvugu kidogo, usikwaruze. Chungu kipya kiwe kipana kuliko mizizi kwa vidole viwili tu, kisiwe kirefu. Chungu kikubwa kwa mmea mdogo maana yake ni udongo mwingi unaokaa na maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa.

Na huko kupulizia asubuhi na jioni, acha. Najua kila mtu anakuambia upulize. Unyevu wa hewa unaopata hapo unaisha ndani ya dakika chache, maji yanayobaki yanatiririka katikati ya kitovu na kukaa humo usiku kucha. Unachotaka ni hewa yenye unyevu wakati wote: vyungu kadhaa pamoja, sinia pana lenye kokoto na maji chini ya chungu, maji yasifike tundu la chini. Na feni au kiyoyozi kisipulize upande wake. Ncha zinazokauka ukingoni mara nyingi ni hewa kavu, au chumvi. Samadi yako ina chumvi ya kutosha mpaka mwakani.

Maji ni ya kumwagia udongo, taratibu, mpaka yatoke chini, kisha yanayobaki kwenye kisahani uyamwage. Rudia pale juu panapoanza kukauka ukigusa kwa kidole lakini ndani bado pana ubichi. Zoea kukinyanyua chungu, uzito utakwambia kuliko kidole. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, klorini ya kawaida hupungua. Kuyachemsha hakuondoi chumvi, kwa hiyo usijisumbue.

---

fundi_wa_bustani

Sawa bibi, nimenyamaza. Ila huo udongo wako wa magome na vijiwe si utakauka kila siku? Na mimi nilisikia kitu bora kuliko vyote ni nyuzi za shina la kangaga mti, lile refu la mabondeni. Unakata kipande, unakitoboa, unapanda ndani yake. Halioziozi.

---

BibiKitalu

Udongo wangu unakauka haraka juu na kukaa bichi ndani, ndiyo kazi yake. Ukiona kwako unakauka mno, ongeza mboji ya majani, usiongeze udongo wa shambani.

Nyuzi za kangaga mti ni nzuri, sibishi, na ndiyo maana zilikatwa sana. Lakini kila kipande ni mti mzima umeangushwa, na miti ile hurefuka polepole mno, nyingi zake kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Jamii ya Cyathea, ambayo ni ya makangaga mti, iko kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ulioanza kutumika 1975, maana yake huvushi mpaka bila kibali. Ndani ya nchi nako misitu ya hifadhi mara nyingi ina sheria zake, na kung'oa mmea humo ni kosa hata ukiwa umeubeba mmoja tu. Wewe mpenda_kijani umepewa na mwenye shamba, mahali panapofyekwa, uko salama na umeokoa kitu. Anayetaka kangaga na hana mjomba mwenye panga atafute lililooteshwa kitaluni, au aoteshe mwenyewe. Magome yaliyosagwa yanatosha.

---

mpenda_kijani

Bibi nashukuru sana. Nimelitoa leo. Majibu yako haya:

Vidoa vimepangwa kwa safu mbili kwenye kila kijijani, vyote saizi moja, na kila kimoja kina kifuniko kidogo kama ngozi nyembamba, umbo la figo. Havibanduki kwa ukucha, ila nikivisugua vinaacha vumbi la kahawia kidoleni. Hakuna kinachonata.

Vichipukizi vyeusi viwili ni laini na vinanuka, kimoja ni kikavu. Udongo uliokuwa umezunguka kitovu ulikuwa unanuka kama mtaro. Mizizi mingi ni migumu, kidogo tu ndiyo iliyotelezea. Katikati kabisa bado kuna vitu vidogo vyenye manyoya ya kahawia, sijui ni uhai au ni uchafu.

Kwenye karatasi, kona ile haikuonyesha kivuli chochote. Kabisa.

---

BibiKitalu

Hayo manyoya ni magamba yanayofunika vichipukizi vichanga. Yakiwa makavu na magumu ukigusa kidogo kwa ncha ya kidole, ni uhai. Usiyafukue kuangalia kila siku!

Kifuniko cha umbo la figo, majani yaliyochanika mara mbili, kitovu kimoja, magamba kwenye vikonyo: mimi ningeanzia kwenye jamii ya Dryopteris. Jamii hiyo imeenea tangu misitu ya baridi ya kaskazini mpaka milima ya tropiki. Kama vifuniko vingekuwa mviringo vimeshikiliwa katikati tu, ningesema Polystichum. Vingekuwa mistari mirefu ya mshazari, Asplenium. Kama spora zingefuata ukingo wa jani uliokunjwa, tungeangalia Pteris au Adiantum. Jina kamili la spishi utahitaji mtu wa kuangalia sampuli mkononi, lakini kwa utunzaji jamii inatosha, kwa sababu inakuambia hili ni la ardhini. Wala halitaki kufungwa kwenye kipande cha gome ukutani.

Watu hudhani makangaga yote ni kitu kimoja, wanayapa maji mamoja na udongo mmoja. Kuna ya ardhini yenye kitovu kama lako. Kuna yenye shina linalotambaa juu ya udongo au juu ya mti, likiwa na manyoya. Hilo shina halifukiwi kamwe, linalazwa juu na kubanwa kwa waya mpaka lishike. Kuna yanayokaa juu ya miti, kama Platycerium, ambayo mizizi yake ukiiweka kwenye udongo wa kawaida inakosa hewa. Kuna ya kwenye miamba yenye chokaa, Adiantum capillus-veneris ni mojawapo, ambayo hayapendi kabisa mchanganyiko wenye asidi ambao vitabu vingi hupendekeza kwa makangaga yote. Na kuna yale mepesi kama utando, jani lake unene wa seli moja tu, Hymenophyllum na wenzake. Hayo yaache msituni, sebuleni hayamalizi wiki. Kabla ya kuuliza "nimwagilie mara ngapi" uliza lilikuwa limeshika nini huko lilikotoka, na kitovu kilikuwa kinatazama wapi. Wewe uliliona likiwa kando ya mkondo, kwenye mboji ya majani, chini ya miti. Tayari una nusu ya jibu.

Jambo lingine. Kama limetoka mlimani kwenye usiku wa baridi, joto la ndani la usiku litalichosha kuliko la mchana. Nyuzi 16 mpaka 24 ndipo linapokuwa na raha. Usiku lipeleke kwenye chumba chenye hewa ya kupita, au barazani penye kivuli kama una baraza.

---

jani_la_tatu

Samahani nadandia. Hili la mpenda_kijani ni sawa na lile kangaga linaloota kwenye mashamba yaliyochomwa, linalojaa mlima mzima? Nalo naona zuri, nataka kulileta.

---

BibiKitalu

Usililete. Hilo la mashamba yaliyochomwa kwa kawaida ni Pteridium. Shina lake linatambaa chini sana ardhini, ndiyo maana moto hauliwezi, na chungu halikitaki. Tena lina sumu iitwayo ptakilosaidi, inayodhuru ng'ombe wakilila na inayosababisha saratani. Zuri kwa macho, libaki lilipo.

---

mwalimu_wa_bailojia

Bibi kamaliza mengi, mimi nidonoe swali la mwisho la muulizaji: kupata mengine.

Lako lenye kitovu kimoja halifai kugawanywa. Ukisubiri miaka, mengine hutoa vitovu vya pembeni, hapo unaweza kukata. Kwa sasa njia ni lile vumbi la kidoleni. Watu walihangaika nalo karne na karne, wakitafuta mbegu isiyoonekana. John Lindsay, daktari mpasuaji aliyekuwa Jamaica, alichapisha mwaka 1794 jinsi alivyootesha makangaga kutokana na vumbi hilo. Mzunguko mzima ulielezwa vizuri na Wilhelm Hofmeister mwaka 1851. Spora haitoi kangaga. Inatoa kijani bapa chenye umbo la moyo, kisichofika hata sentimita moja, kisicho na mizizi ya kweli. Hicho ndicho chenye viungo vya kiume na vya kike. Mbegu za kiume zinaogelea kwenye utando wa maji hadi kwenye yai, na hapo ndipo kangaga tunalolijua linapozaliwa, likiota mgongoni kwa mama asiyefanana naye hata kidogo. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka waone.

Kwa vitendo: subiri vifuko viwe kahawia iliyokolea lakini havijapasuka vyote. Vikiwa vya kijani ni mapema, vikiwa vimechanika na kunyauka umechelewa. Kata kipande cha jani, kiweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu. Siku moja au mbili utakuta vumbi. Inamisha karatasi na kuigonga polepole: makapi yatateleza kwanza, spora zenyewe hung'ang'ania karatasi. Makapi yatupe, yanaleta ukungu.

Chombo kiwe cha plastiki kinachopitisha mwanga, chenye kifuniko. Weka mboji laini sentimita tatu nne, mwagia maji yanayochemka, funika, acha ipoe ikiwa imefunikwa. Usafi ndio kazi yote hapa, ukungu na kuvu ya kijani ndio maadui. Nyunyiza spora kidogo mno, kidogo kuliko unavyotamani, na usizifukie kwa sababu nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Funika tena, weka penye mwanga usio na jua la moja kwa moja. Baada ya wiki kadhaa utaona kijani kimetanda juu ya udongo. Kisha mioyo. Zikishakuwa na umbo hilo, pulizia maji yaliyochemshwa yakapoa ili mbegu za kiume zipate pa kuogelea. Hapo tu ndipo kupuliza kuna maana, Bibi ataniruhusu. Majani ya kwanza ya kweli ni madogo na hayajachanika, usidhani umepata magugu. Mche wa kuhamishia chungu chake utausubiri zaidi ya mwaka.

Spora za kahawia zikikaa kavu kwenye bahasha hudumu muda mrefu. Ila makangaga yenye spora za kijani, kama Osmunda, usizikalie, uhai wake huisha upesi sana, panda mara moja.

---

jani_la_tatu

Na mimi niliona watu wanaweka makangaga kwenye chupa kubwa la kioo lililofungwa. Hilo si ndilo suluhisho la hewa kavu?

---

mwalimu_wa_bailojia

Ni wazo la zamani, na lilianza kwa bahati. Mnamo 1829 daktari Nathaniel Ward wa London aliweka buu la nondo kwenye chupa lenye udongo bichi, akalifunga. Nondo ndiye aliyemtaka, lakini kangaga na nyasi ndivyo vilivyoota. Makangaga ya bustanini kwake yalikuwa yanakufa kwa moshi wa jiji, humu ndani yakastawi. Akatengeneza makasha ya kioo, na mwaka 1842 akaandika kitabu chake juu ya hayo. Makasha hayo yalisafirisha mimea kwa meli baharini bila kuhitaji kumwagiliwa. Baadaye Uingereza ikaingiwa na wazimu wa makangaga, watu wakayang'oa misituni na mapangoni mpaka Trichomanes speciosum, mojawapo ya yale mepesi kama utando, ikabaki mahali pachache.

Kwa kangaga la urefu wa mkono, chupa halitoshi. Kwa yale madogo ya miambani na kwa miche ya spora, chupa ni jema.

---

BibiKitalu

Nakuruhusu mwalimu, hapo pulizia. Chupa jamani lisiwekwe juani hata kidogo, joto la ndani hupanda mpaka majani yakaiva.

Mpenda_kijani, umeshalihamisha?

---

mpenda_kijani

Tayari. Kitovu kiko juu, mchanganyiko kama ulivyosema isipokuwa magome nimeyavunja kwa nyundo. Liko karibu na dirisha la asubuhi, kivuli cha mkono kinaonekana na kingo zimefifia. Maswali mawili ya mwisho. Majani ya zamani yaliyokauka nusu niyakate? Na lini nianze mbolea?

---

BibiKitalu

Jani lenye kijani hata robo liache, linalisha shina wakati huu mizizi inapojitengeneza. Lililokauka lote likate kwa mkasi, ukibakiza kikonyo kifupi juu ya kitovu, usilivute, utang'oa na chipukizi la chini. Tarajia mengine mawili matatu ya zamani kuanguka bila sababu, kangaga lililohamishwa hutupa mzigo. Ukiona yamenyong'onyea mchana, lifunike kwa mfuko mkubwa wa plastiki angavu uliotobolewa hapa na pale, ushikilie kwa vijiti usiguse majani, kwa wiki mbili hivi. Kisha uufungue kidogo kidogo.

Mbolea: usiweke chochote mpaka uone majani mapya mawili yamefunguka hadi ncha. Hapo tumia ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, mara moja kwa mwezi, na siku zote udongo ukiwa tayari una unyevu. Kiangazi au baridi likitulia, lisipotoa kitu, simamisha mbolea na punguza maji, usikaushe. Baadhi ya jamaa zake wa nchi za baridi hupoteza majani yote na kurudi. Ikitokea kwako, bonyeza kitovu. Kikiwa kigumu, endelea kumwagilia kidogo na kaa nalo hivyohivyo.

Juu ya udongo weka majani makavu ya miti, tabaka jembamba, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kitovu. Na ile picha tunaisubiri, piga chini ya jani, kwa karibu, tuone vifuniko.